Kijana Anapoanza Kufunga Ndoana za Manyoya: Vya Kununua, na Sumu ya Kuweka Mbali na Jiko

  

Siku moja baada ya darsa ya akina mama hapa Matuga, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. "Sheikh wangu," akaniambia, "nina suala, lakini si la tohara wala la mirathi. Ni la ndoana." Akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne. Kijana wake, aliyemaliza kidato cha nne na hajapata kazi, ameingiwa na hamu ya kufunga ndoana za manyoya, zile ambazo vijana siku hizi huziita jigi. Ameandika orodha ya vitu ishirini na vitatu, na mama riziki yake ni mahamri ya asubuhi. "Nimpe fedha au nimnyime? Nikimnyima nachelea atarudi kwenye kijiwe. Nikimpa, hatula."

Nikamwomba siku mbili, kwani kujibu bila ya elimu ni kujibebesha dhima. Ingawa utotoni nilivua mshipi pamoja na mjomba wangu, mikono yangu imeshasahau. Nikateremka Tiwi kwa mzee mmoja mvuvi, tukaketi kivulini naye akaipitia orodha ile kitu kimoja kimoja. Kisha nikaenda nyumbani kwa yule mama nimwone kijana mwenyewe akiwa kazini.

Nilimkuta nyuma ya jiko. Juu ya mafiga palikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria risasi iliyotolewa katika betri kuukuu ya gari ikiyeyuka. Kando yake dadake wa miaka minne amechuchumaa, akichezea vipande vilivyosalia. Hapo nikatambua kwamba suala la yule mama lilikuwa na sehemu mbili, na ya pili hakuijua hata akaiuliza. Nimeona niziandike zote mbili, kwa sababu nyumba yenye kijana wa namna hii pwani yetu si moja.

Kazi yenyewe ni ipi

Ndoana ya manyoya ni ndoana ya kawaida iliyofungwa manyoya, nywele za mnyama au nyuzi zing'aazo, kwa kuzungushiwa uzi mwembamba. Ikivutwa na kuachiwa majini hucheza mfano wa dagaa au kamba mdogo, na samaki huiendea bila ya kuhitaji chambo cha nyama. Zile zinazoitwa jigi hutiwa uzito kichwani, aghalabu wa risasi, ili zizame upesi. Kwa ndogo ndogo zilizopangwa kwenye mshipi mmoja hupatikana vibua. Kwa kubwa hupatikana kolekole, nguru, mzia, na katika miamba chewa.

Faida yake kwa mtu maskini ni dhahiri. Chambo cha nyama huoza na kila siku hutaka kingine, ilhali ndoana ya manyoya iliyofungwa vizuri hutumika mara nyingi. Tena uvuvi wa mshipi hauchimbi matumbawe wala hauzoi samaki wachanga kama juya. Serikali ililipiga marufuku juya la kukokota pamoja na bunduki ya kuchomea samaki tangu mwaka 2001, na anayevua kwa mshipi hana haja ya kumkimbia mtu ufuoni.

Ama kwa upande wa dini, mavuo ya bahari yamehalalishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 96. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikisifu chakula ambacho mtu hukipata kwa kazi ya mikono yake, akamtaja Nabii Daud (a.s.) kuwa mfano. Nabii Daud alikuwa mfalme, na pamoja na ufalme wake alifua mavazi ya chuma. Ukisoma mwanzo wa Sura ya Saba utaona kwamba aliamrishwa azipime barabara pete za mavazi hayo. Mafundi wa kila kazi wana somo hapo, kwamba kipimo ndicho kinachoitukuza kazi, na wingi wa vyombo hauna sehemu katika hilo.

Vitu saba badala ya ishirini na vitatu

Mzee wa Tiwi aliisoma orodha akacheka, akasema kwamba kijana ameandika duka zima. Tulipomaliza kuifuta vilibaki vitu saba, na kati ya saba vitatu vilikuwamo nyumbani tayari.

Cha kwanza ni ndoana zenyewe, na hapa ndipo fedha ziende. Mnunuzi mgeni hukanganywa na namba. Kanuni ni kwamba ndoana zenye namba tupu, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo, hivyo namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Zikipita namba 1 hesabu hugeuka na kuandikwa 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikizidi ndoana nayo huzidi. Kwa vibua atafute namba 6 au 8. Kwa kolekole wa wastani 1/0 au 2/0 yamtosha. Anunue aina mbili tu, na achague zenye shina refu, maana shina fupi halimpi nafasi ya kufungia. Kabla ya kulipa afanye majaribio mawili. Aiburute ncha taratibu juu ya ukucha wa dole gumba. Ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Kisha alitazame tundu la kupitishia mshipi. Kama halikufumba sawasawa, ule mwanya utaukata mshipi siku samaki mkubwa atakapokuja. Iliyopakwa bati hustahimili maji ya chumvi kuliko ile isiyopakwa kitu, lakini zote zisuuzwe kwa maji baridi zikitoka baharini.

Cha pili ni kishikio. Wenye uwezo hununua jiliwa dogo lililotengenezwa makusudi kwa kazi hii, nalo ndilo lililokuwa la bei kubwa kuliko yote katika orodha. Mwanafunzi hana haja nalo. Achukue koleo la fundi, abane shina la ndoana upande wa kipindo, kisha avifunge vipini kwa utepe wa mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli. Koleo likifungwa juu ya ubao mzito, hilo ni jiliwa. Akishafunga ndoana mia moja na bado ana hamu, hapo litafutwe la dukani.

Cha tatu ni uzi. Pale penye cherehani pana uzi, lakini si kila uzi unafaa. Uzi wa pamba hulowa na kuoza. Unaotakiwa ni wa poliesta, mwembamba na mgumu kukatika. Auzungushe kidoleni na kuuvuta. Ukikatika kwa mvuto mdogo aurudishe. Rangi nyeupe na nyekundu zamtosha. Akiupitisha juu ya nta ya nyuki au mshumaa, utashika vizuri wala hautateleza. Ili kuuongoza uzi asiuguse kwa vidole vyenye jasho, aupitishe ndani ya bomba tupu la kalamu ya wino.

Cha nne ni mkasi mdogo wenye ncha kali, uwe wa kazi hii peke yake. Mabinti wanaoshona wanajua kisa cha kaka aliyekatia waya kwa mkasi wa nguo, na ugomvi uliofuatia.

Cha tano ni manyoya. Haya hayanunuliwi. Manyoya ya shingo na ya mgongo wa jogoo ni membamba, laini, na hucheza vizuri majini; meupe ndiyo yanayofaa kuanzia. Nywele ndefu za mkia wa mbuzi nazo ni nzuri kwa ndoana kubwa, na baada ya Idd el-Hajj kila mtaa unazitupa. Yaoshwe kwa sabuni, yaanikwe kivulini, yahifadhiwe katika mkebe mkavu pamoja na punje kadhaa za karafuu ili wadudu wasiyale.

Hapa yule mama aliuliza suala la kifikihi, na alifanya vyema kuuliza. Katika madhehebu yetu ya Shafii, manyoya ya kuku na nywele za mbuzi aliyechinjwa kisheria ni tohara, na vilevile yaliyokatwa kwa mnyama aliye hai miongoni mwa wanaoliwa. Ama kuku aliyekufa mwenyewe kwa maradhi, manyoya yake yana hukumu ya mzoga, nayo ni najisi. Basi asiyaokote jaani. Na manyoya ya dukani yasiyojulikana yametoka kwa mnyama gani, kuyaacha ni salama zaidi, ilhali majogoo wapo uani.

Cha sita ni cha kung'arisha. Nyuzi chache zilizochambuliwa kutoka gunia jeupe la nailoni, au vipande vyembamba vya karatasi ya plastiki yenye rangi ya fedha, humvuta samaki kwa mng'aro. Vichache, viwili au vitatu kwa kila ndoana, na vifungwe kwa nguvu visije vikabaki baharini. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, na haipendezi tuirudishe kwa mlango wa uvuvi.

Cha saba ni cha kugandishia fundo ili uzi usifumuke, nacho kitawashangaza wasomaji wetu wa kike. Ni rangi ya kucha, ile isiyokuwa na rangi. Miaka yote tumewahimiza akina mama waitoe kabla ya kutia udhu kwa sababu huzuia maji kufika ukuchani. Basi kwa sababu hiyohiyo ya kuzuia maji, imepata kazi isiyo na hitilafu baina ya wanavyuoni. Ipakwe mbali na moto, maana hushika upesi, na dirisha liwe wazi.

Namna ya kufunga ya kwanza

Ndoana ikiwa imebanwa, uzi uanzie nyuma kidogo ya tundu na uzungushwe ukielekea kwenye kipindo, mizunguko ikibanana pasiwe na mwanya. Manyoya mawili au matatu yalazwe juu ya shina, urefu wake uwe kama mara mbili ya shina, kisha yafungwe kwa mizunguko kumi au zaidi iliyokazwa. Vitu ving'aavyo viongezwe, uzi urudi mpaka karibu na tundu, ufungwe vitanzi vitatu au vinne vilivyokazwa, ukatwe, upakwe rangi ya kucha mara mbili na kuachwa ukauke usiku kucha. Asubuhi ajaribu kuyang'oa manyoya kwa vidole. Yakitoka, hakukaza.

Makosa ya mwanzo yako mawili. La kwanza ni kuweka manyoya mengi kwa kudhani kwamba wingi unavutia. Ndoana ikiwa nene haichezi, na ncha hufichika samaki asishikike. La pili ni kubadili rangi na mtindo kila siku. Mzee wa Tiwi alimpa kijana sharti moja: afunge kumi za namna moja, na asihamie nyingine mpaka ya kumi ifanane na ya tisa. Waliosoma vyuoni watakumbuka kwamba hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuandika alifu.

Wenye vidole vya kazi hii, kwa kweli, wengi wako ndani ya nyumba. Mama anayeshona kofia ya vito amezoea uzi mwembamba, hesabu na subira, na kufunga ndoana hakumpiti. Wakati wa kusi bahari inapochafuka na vyombo vidogo vikikaa pwani, familia ina miezi ya kufunga. Kaskazi inapoingia, mkebe umejaa. Akifunga binti na kuuza kaka, hesabu iandikwe na kila mmoja apewe haki yake.

Uzito, na sehemu ambayo mama hakuiuliza

Sasa tuirudie sufuria ile. Kijana alitaka ndoana zake ziwe na kichwa cha risasi kama alivyoziona kwenye simu, na vichwa vya dukani ni ghali. Akapata betri kuukuu bure, akaona amebarikiwa.

Risasi huyeyuka kwa moto wa kuni bila ya taabu, kwa nyuzi 327 za selsiasi. Ndiyo sababu inaonekana nyepesi kuifanyia kazi. Lakini vumbi lake na moshi wake ni sumu, na sumu hii haina harufu ya kumwonya mtu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza kiasi mara nne au tano kuliko mtu mzima kutoka kwa kile anachokimeza, nayo hudhuru ubongo wake: akili ya kujifunza hupungua, na kilichopungua hakirudi. Kwa mtu mzima hujificha mifupani miaka mingi, na mwanamke akishika mimba hutoka mifupani ikamfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo binti anayekaa kwenye moshi ule leo anaweza kumrithisha mwanawe ambaye hajazaliwa. Betri huongeza balaa, kwa kuwa ndani yake mna tindikali. Na kalibu ikiwa na tone moja la maji, risasi ya moto hulipuka na kuruka usoni.

Wala mfano hauko mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa jirani na nyumba za watu. Watoto waliugua, na damu yao ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa huko, Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alidhurika, alisimama na wakaazi mpaka kiwanda kikafungwa, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Fedha zote hizo haziwezi kumrudishia mtoto mmoja akili iliyopotea.

Sheria ya Kiislamu ina kanuni mashuhuri inayotokana na Hadithi, ya kukataza mtu kudhurika na kumdhuru mwenziwe. Kijana huyu alitafuta halali, lakini njia aliyoipita ilikuwa inamdhuru dadake. Nia njema haikuigeuza sumu kuwa chakula.

Basi afanyeje apate uzito? Jawabu la mzee wa Tiwi lilikuwa fupi: atenge uzito na ndoana. Ndoana nne au tano za manyoya zifungwe kwenye matawi mafupi ya mshipi mmoja, na chini kabisa ufungwe uzito peke yake. Uzito huo waweza kuwa nati kubwa za chuma au plagi kuukuu ya gari, ambavyo kwa fundi wa magari hupatikana bure. Zikikwama mwambani hakupotea kitu cha thamani. Kwa njia hiyo mwanafunzi haitaji risasi hata kidogo, na vibua hawajui tofauti. Akitaka ndoana nzito ya kolekole siku za mbele, anunue chache zenye vichwa vilivyokwishatengenezwa, azivalishe manyoya yake.

Na kwa nyumba ambazo wavuvi wake wana chubwi za risasi tayari, haya yashikwe. Zisiwekwe jikoni wala mfukoni pamoja na chakula. Zisiminywe kwa meno, kama wafanyavyo wengi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto. Zisiachwe mahali ambapo mtoto ataziokota akazitia kinywani. Na pale ambapo risasi imekwisha kuyeyushwa nyumbani, pasifagiliwe pakiwa pakavu, maana vumbi litapanda. Papanguswe kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa kitupwe. Mtoto aliyekuwapo apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kilichotendeka, bila ya kuona haya, ili aamue kumpima damu.

Jawabu nililompa mama

Niliporudi kwake nilimwambia: mpe, lakini mpe ya ndoana tu. Koleo liko kwa jirani, uzi uko kwenye cherehani yako, jogoo yuko uani, na rangi ya kucha iko kwa binti yako mkubwa ambaye anaweza kuisamehe. Fedha zilizotakiwa hazikufika hata sehemu ya kumi ya orodha ya kwanza. Kuhusu yule mdogo nilimwomba asingoje, na kesho yake alimbeba akampeleka hospitali.

Kijana alikasirika siku moja, kisha akanyamaza. Jumamosi iliyofuata nilimwona njiani akielekea ufuoni Waa na mshipi wake umezungushwa kwenye chupa, ndoana tano za manyoya meupe, na chini yake plagi mbili za pikipiki. Sikumwuliza alipata vibua wangapi. Mja hutafuta, na mgawaji wa riziki ni Mwenyezi Mungu.

Nilipopita kwa mama kumjulia hali, niliona sufuria ile imening'inizwa nje ya jiko, na kitako chake kimepigwa tundu kubwa la msumari. "Nimeitoboa, Sheikh," akasema, "asije mtu akaipikia uji bila ya kujua."

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu kazi ya halali, na awahifadhi watoto wetu na madhara tunayoyajua na tusiyoyajua. Amin. Wabillahi tawfiq.